Kinara Hana Wingi

Nchi hii ipo, wala msinibishie, ila msihangaike kuitafuta kwenye ramani, kwa sababu ramani yake ilipelekwa kufanyiwa marekebisho tangu mwaka juzi na aliyeipeleka amestaafu. Tuseme tu ni nchi nzuri, yenye milima upande mmoja na hotuba upande mwingine. Watu wake ni wasikivu kupita kiasi, maana anayeacha kusikiliza huulizwa alikuwa akifikiri nini.

Humo aliishi bwana mmoja aitwaye Shaame Vuai, mhariri wa kamusi. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa akifanya kazi Baraza la Maneno ya Taifa, ofisi ya vyumba vitatu nyuma ya ghala la mbegu, akikusanya maneno na kuyaandika kwenye kadi. Kila neno na kadi yake, kila kadi na droo yake. Alikuwa mtu wa taratibu zake, suruali imepigwa pasi mpaka inang'aa magotini, hana ugomvi na mtu. Aliamini kwamba neno likishaandikwa kwenye kadi limesalimika na mwenye neno naye amesalimika. Imani hiyo ndiyo iliyokuja kumtesa, lakini tusiende mbio.

Shaame alikuwa na mdogo wake, tumbo moja, jina lake Pandu. Pandu alikuwa fundi bati. Shaame alipozungumza ungedhani anasahihisha, na Pandu alipozungumza ungedhani anauza, na kweli alikuwa anauza. Alitengeneza ndoo, makopo ya kuchotea maji, koroboi, na zaidi ya vyote vinara vya mishumaa, vile vya bati vyenye kisahani chini na kikombe kidogo katikati. Vinara ndivyo vilivyomlisha yeye, mkewe Bi Mize na watoto watatu. Umeme wa nchi hiyo haukuwa unakatika, nawaomba mlielewe hilo. Ulikuwa unapumzika. Shirika lilitangaza Mapumziko ya Umeme kila siku kwa adabu kubwa, na wananchi walinunua mishumaa, na mshumaa lazima usimame kwenye kitu.

Sasa ngoja tueleze habari za Kiongozi. Alipoingia madarakani alikuwa Rais, kama marais wote. Baada ya miaka mitano neno hilo likaonekana limechoka, hasa ilipogundulika kuwa nchi jirani nazo zinalo. Akawa Mtukufu Rais. Kisha Baba Mtukufu. Kisha Nahodha Mkuu wa Taifa, cheo alichokiacha kimyakimya baada ya boti mpya ya serikali kukwama mchangani siku ya uzinduzi, naye akiwa ndani na bendi ikiwa inapiga. Kwa miezi miwili nchi ikakaa na kiongozi asiye na jina, na wasomaji wa taarifa ya habari wakawa wanakohoa tu panapohusika.

Ndipo Jumapili moja, akisikiliza mpira redioni, akamsikia mtangazaji anasema kuwa timu fulani ndiyo kinara wa ligi. Akauliza kinara maana yake nini. Msaidizi wake akamwambia ni yule aliye mbele ya wote. Akauliza, na wa pili anaitwaje? Akajibiwa kwamba wa pili hana jina. Jumatatu saa tatu asubuhi akawa Kinara.

Hiyo ndiyo asili ya cheo, yote, hakuna nyingine. Shaame aliijua kwa sababu mpira ule naye alikuwa akiusikiliza, na alipoona gazeti la Jumatatu akajumlisha mwenyewe. Hakumwambia mtu. Kulikuwa na mambo mengi ya kutoambia watu siku hizo na hilo moja halikumwelemea.

Nchi ikaanza kujirekebisha. Watangazaji wa mpira wakakatazwa kusema kinara wa ligi, wakawa wanasema timu iliyoko mbele kwa sasa kwa idhini. Kinara wa mabao akawa mfungaji mwenye bahati. Shule moja ya msingi iliyokuwa imempa mtoto cheti cha kinara wa darasa ikatumiwa askari wawili wakakichukue cheti, na mtoto akashauriwa muhula ujao ashike nafasi ya nne. Watu wakacheka kidogo, chinichini, wakaendelea na shughuli zao. Na Pandu naye akaendelea na zake, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba yeye anahusika. Yeye ni fundi bati, jamani. Anahusika na nini?

Alhamisi moja mchana, sokoni, umeme ukiwa kwenye mapumziko yake, Pandu alikuwa amepanga bidhaa zake juu ya gunia, akinadi kama alivyonadi miaka yote:

"Kinara kikichakaa usingoje kikuangukie! Tupa, chukua kipya! Kimoja hakitoshi, chukua viwili!"

Alikuwapo Sajini Lusewa, ametoka kununua nyanya. Sajini alisimama akasikiliza mara ya kwanza, akasikiliza mara ya pili, akaweka nyanya chini, akatoa daftari. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametoka kwenye semina wiki ile ile, wamefundishwa kwamba Kiongozi ni mtu wala si kitu, kwa hiyo anakuja na kuondoka, hakiji wala hakiondoki, na atakayekosea hapo atawajibishwa. Basi kwa heshima ya cheo, Sajini akasahihisha sarufi. Akaandika: Kinara akichakaa usingoje akuangukie, tupa, chukua mpya, mmoja hatoshi, chukua wawili.

Pale kituoni Pandu aliposomewa maneno yake alishtuka, akasema yeye hakusema "akichakaa", alisema "kikichakaa". Sajini akamtazama kwa huruma, akaongeza shtaka la tatu. La kwanza lilikuwa kutaka Kinara abadilishwe, la pili kudai kwamba wapo wawili, na sasa la tatu, kwa kukiri kwake mwenyewe, kumwita Kinara kitu. Pandu akasema basi na iwe "akichakaa". Sajini akasema hilo nalo limeandikwa, kwamba mtuhumiwa amerudi kwenye kauli yake ya awali. Akapelekwa rumande jioni ile ile, na vinara vyake kumi na vinne vikachukuliwa kuwa vielelezo.

Asubuhi yake Bi Mize alikuja ofisini kwa Shaame. Hakuwahi kufika hapo hata siku moja. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akatazama zile droo zilizojaa ukuta mzima, akauliza kama ni kweli kwamba maneno yote ya nchi yamo humo. Shaame akasema karibu yote.

"Na hili la mume wangu limo?"

Shaame akavuta droo ya K, akatoa kadi. Aliiandika mwenyewe, kwa mkono wake, mwaka wake wa tatu kazini. Kinara: kitu cha kusimamishia mshumaa. Mfano: Aliweka kinara mezani. Bi Mize hakujua kusoma sana, lakini aliifuata kadi kwa kidole, taratibu, mpaka mwisho.

"Si wewe ndiye unayeandika, shemeji? Basi andika, wamtoe."

Shaame alitaka kumweleza kwamba mhariri wa kamusi haamui maneno yana maana gani, anayakuta tu yalivyo kwa watu. Lakini alimwangalia yule mama usoni na akaona hapana, haya si ya kumwambia mtu ambaye mumewe yuko rumande. Akasema ataandika. Na haikuwa ahadi ya bure, kwa sababu sheria ya nchi ilisema wazi kwamba penye ubishi wa neno mahakama itafuata Kamusi ya Taifa, toleo jipya, na toleo jipya lilikuwa mezani kwake linasubiri kupitishwa. Kesi ilipangwa wiki moja baada ya toleo hilo kuzinduliwa. Maana ya mshumaa ikibaki kwenye kamusi, Pandu anarudi nyumbani. Ikitoka, Pandu harudi. Mambo yalikuwa mepesi kiasi hicho, na Shaame hakulala vizuri tangu siku hiyo.

Toleo jipya lilikuwa chini ya Kamati Maalumu ya Neno Moja. Jina linajieleza. Wajumbe kumi na tisa, mwenyekiti Mheshimiwa Bakilana, Waziri wa Maneno na Matamko, mtu mnene mwenye sauti laini aliyekuwa na tabia ya kufumba macho anapozungumza, ili asikatishwe na nyuso za watu. Akafungua kikao cha kwanza kwa hotuba ya saa mbili iliyoeleza kwamba hatakuwa na mengi ya kusema. Kazi ya kwanza, alisema, ni kutafuta asili ya neno. Neno kubwa namna hii haliwezi kuwa limetoka hivihivi. Wilaya itakayothibitisha kwamba lilizaliwa kwake, serikali itaichimbia kisima.

Hapo ndipo ilipojulikana nchi hiyo ilivyo na kiu. Wajumbe wa wilaya walijaa mpaka kwenye ghala la mbegu. Wilaya ya Mikoche ilileta jiwe la kale sana lililochongwa neno Kinara, vumbi la kuchonga likiwa bado limo kwenye herufi. Jiwe likathibitishwa kuwa na umri wa miaka elfu mbili, na ukijumlisha siku tangu lichongwe, miaka elfu mbili na siku tatu. Wilaya ya Ukanda ikasema kwamba kwa lugha yao nara ni mwanga usiozimika, na wakalieleza hilo gizani, maana umeme ulikuwa unapumzika. Wilaya nyingine ikasema ni jina la mvua, nyingine jina la simba mwenye aibu, na moja ikaja na kwaya tu, bila maelezo.

Shaame aliyaandika yote. Kalamu yake ilikuwa inaandika na moyo wake unahesabu siku za mdogo wake rumande.

Siku ya tatu alisimama bibi mmoja wa Wilaya ya Vumbini. Sidhani kama alielezwa vizuri alichoitiwa. Akasema kwa furaha kwamba hilo neno kwao lipo, tena la siku nyingi. Akaulizwa maana yake. Akasema ni kuku aliyeacha kutaga lakini hataki kushuka kwenye kiota.

Watu kumi na tisa wakatazama chini kwa pamoja. Mheshimiwa Bakilana akafumbua macho, jambo ambalo halikuwahi kutokea kikaoni. Mchana ule lugha ya watu wa Vumbini ikasimamishwa miezi sita kupisha uchunguzi, na huko kwao ikabidi harusi na misiba iendeshwe kwa kutikisa vichwa. Bibi mwenyewe alirudishwa salama, ila aliambiwa asieleze alikokuwa, na kwa lugha gani angeeleza?

Waziri akamgeukia Shaame, akamwomba yeye kama mtaalamu aseme. Ile ilikuwa nafasi yake na aliijua. Akasema, kwa sauti ya mtu anayekanyaga sakafu iliyomwagwa maji, kwamba wataalamu wengi wanalihusisha neno hili na mnara, kwamba kinara ni kama mnara mdogo, na ndiyo maana lile umbo la kusimamishia mshumaa likaitwa...

"Mdogo?" akauliza Waziri.

"Kwa asili tu, Mheshimiwa."

"Umesema mdogo."

Muhtasari wa kikao umeandika hapo kwamba mtaalamu aliugua ghafla, akapelekwa nje kupunga hewa mpaka alipopona. Alipona baada ya saa mbili na nusu. Aliporudi akakuta suala la udogo limeshika moto, kwa sababu mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa amekumbuka kuwa ile "ki" ya mwanzo ndiyo ile ile ya kitoto, kijumba na kijitu. Yaani kwa miaka minne nchi nzima imekuwa ikimdogosha Kiongozi kila inapomtaja, na hasa katika wimbo wa taifa, ambamo anatajwa mara kumi na moja.

Siku tatu wakakaa juu ya silabi moja. Mjumbe mmoja akapendekeza iondolewe, ibaki Nara. Akaambiwa aeleze ni sehemu gani nyingine za Kiongozi angependa zikatwe. Akaomba radhi. Mwingine akapendekeza jina likuzwe, liwe Jinara. Lilisikika vizuri mpaka mwalimu mstaafu akakumbuka jitu na jizi, wakamwomba aache kukumbuka. Mwisho ikapitishwa kwamba "ki" ile si kiambishi kama viambishi vingine, imezaliwa na neno na itakufa nalo, na neno halifi. Tena Kinara ni mtu, kwa hiyo anakuja, hakiji. Kuhusu wingi kukawa hakuna mjadala. Ikaandikwa: Kinara hana wingi.

Shaame akainua mkono. Akauliza vile vinara vya mishumaa sasa vitahesabiwaje. Akajibiwa kwamba havitahesabiwa.

Ndipo wakaifikia kadi yenyewe. Waziri aliishika kwa ncha za vidole, akasoma mfano uliokuwa pale: Aliweka kinara mezani. Akasoma tena. Akauliza ni nani aliyemweka Kinara mezani, kwa mamlaka gani, na Kinara alikaa hapo muda gani. Shaame akasema ni mfano tu wa kamusi, hakuna mtu. Waziri akasema hilo ndilo baya zaidi, kwamba Kinara amewekwa mezani na mtu asiyejulikana. Maana hiyo, ambayo sasa ni ya pili baada ya ile ya Kiongozi, itoke.

Sitawaficha, Shaame alitaka kukubali. Alikuwa hajawahi kubishana na mtu mwenye gari. Lakini moyoni alimwona Bi Mize na kile kidole chake juu ya kadi, na akili yake, ambayo kwa miaka thelathini na mmoja ilikuwa imetafuta njia za kupanga maneno, ikatafuta njia moja zaidi. Akasema: Mheshimiwa, tukiifuta watu watadhani tulikuwa na kitu cha kuficha. Lakini tukiiacha, tukaiwekea alama ya "kl", yaani neno la kale, itaonyesha kwamba zamani, kabla ya Kinara, kulikuwa na giza na watu walihitaji vitu vya kusimamishia mishumaa, na sasa hawahitaji tena.

Waziri alifumba macho muda mrefu. Halafu akatabasamu. Akasema hiyo ndiyo faida ya kuwa na wataalamu, wajumbe wakapiga makofi, na makofi yao yakaingizwa kwenye muhtasari. Shaame akachukua kalamu na kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya maana ya pili, akaandika herufi mbili na nukta: kl.

Aliondoka pale mwepesi, miguu inamcheza. Maana imebaki! Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Mize, akamwambia imebaki, imo kwenye kamusi, mahakama itaiona kwa macho yake. Bi Mize akalia, akamshukuru, akamwekea chai ya tangawizi na vitumbua vilivyokuwa vya watoto. Shaame alikula vyote. Alisema baadaye kwamba hicho ndicho chakula cha mwisho kilichowahi kumpa ladha.

Siku ya kesi mahakama ilijaa. Ilikuwa saa nne asubuhi na jua kali nje, lakini ndani giza totoro, kwa sababu picha ya Kinara iliyoagizwa kwa ajili ya ukumbi ilikuja kubwa kuliko ukuta, ikafunika madirisha yote, na hakuna aliyekuwa tayari kuonekana anaikunja. Umeme ulikuwa unapumzika. Hakimu Kidawa, mama mwenye miwani mizito, akasema haoni hata mshtakiwa yuko upande gani. Karani akahangaika, akapata mshumaa. Akatafuta pa kuusimamisha. Akaangalia huku na huku, akachukua kielelezo namba moja juu ya meza ya vielelezo, akauchomeka mshumaa, akauweka mbele ya hakimu. Ulisimama barabara. Kazi ya Pandu ilikuwa safi, hata maadui zake wangesema hivyo.

Basi kwa mwanga huo wakaanza kujadili kama kitu kile kipo.

Mwendesha mashtaka, Bwana Mlekwa, hakuwa na mashahidi wengi. Alimwita mmoja tu, Bwana Shaame Vuai wa Baraza la Maneno. Shaame akasimama kwenye kizimba cha mashahidi, akamwona Pandu upande wa pili, amekonda, shati lake limekuwa la mtu mwingine. Pandu akamtikisia kichwa kama wanavyosalimiana sokoni.

Bwana Mlekwa akampa kamusi mpya, akamwomba asome. Shaame akasoma maana ya kwanza, iliyokuwa kurasa nne. Akasoma maana ya pili. Alipomaliza, moyo wake ulikuwa unadunda kwa matumaini. Akaulizwa zile herufi mbili mbele ya maana ya pili ni za nini. Akasema ni alama ya neno la kale. Akaulizwa la kale maana yake nini.

"Ni kwamba halitumiki tena," akasema Shaame, na ndipo alipolisikia alilolisema.

Bwana Mlekwa akauliza kwa upole ni nani aliyeiweka alama ile. Shaame akasema ni yeye. Bwana Mlekwa akakaa, kazi yake imekwisha.

Hakimu Kidawa hakuwa na ubaya wowote, alifuata sheria ilivyoandikwa. Akasema hapa kuna ndugu wawili. Mmoja anaapa kwamba Alhamisi ile alilitumia neno kwa maana ya pili. Mwingine ameandika, kwa mkono wake, kwamba maana ya pili hakuna anayeitumia. Hawawezi wote wawili kuwa wakweli. Kama kamusi ni sahihi, basi mshtakiwa alikuwa na maana ya kwanza, kwa kuwa ndiyo pekee iliyo hai, na anafungwa. Kama kamusi inadanganya, basi mshtakiwa anatoka, na aliyeiandika anakwenda kusimama pale aliposimama mshtakiwa, kwa kosa la kupotosha Taifa. Akasogeza mshumaa karibu na uso wa Shaame ili amwone.

"Shahidi, kamusi ni sahihi au si sahihi?"

Shaame alifungua mdomo. Nataka mmwelewe, alikuwa anataka kusema. Neno lilikuwa limefika kooni. Si sahihi, maneno mawili tu, mtoto wa miaka miwili anayajua. Lakini mikono ilishika ubao wa kizimba, na sauti haikutoka. Ukumbi mzima ukawa unasikiliza mshumaa.

Pandu ndiye aliyesema, kutoka upande wake, polepole, kama wako wawili tu.

"Kaka, sema ni sahihi. Hawa watatufunga wote wawili, na Mize na watoto wakose mtu wa nje."

Hakimu akamkemea mshtakiwa kwa kuzungumza bila ruhusa. Shaame akasema kamusi ni sahihi. Akaambiwa apaze sauti kwa sababu karani hajasikia. Akapaza sauti. Pandu akapewa miaka saba, mitano ya maana ya kwanza na miwili ya kutumia maana iliyokwisha muda wake. Hakimu akasaini hukumu, akauzima mshumaa kwa vidole, akaamuru kielelezo kiharibiwe.

Shaame alipandishwa cheo mwezi huo huo. Akapewa ofisi yenye dirisha, na msaidizi wa kumfungulia droo. Alikuwa akikaa mle akitazama kadi, haandiki kitu. Watu walimletea maneno mapya na aliyasukuma pembeni, kwa sababu kila neno alilolishika aliliona jinsi litakavyomfunga mtu.

Siku ya kwanza ya kuruhusiwa kumwona mdogo wake, alichukua mkate na sabuni, akaenda gerezani. Alimkuta kwenye karakana. Kinara alikuwa anatimiza miaka ishirini madarakani, sherehe zilikuwa zinakuja, na kwa kuwa umeme siku hiyo ulitarajiwa kupumzika, gereza lilikuwa limepewa oda ya vitu mia tano vya bati vyenye kisahani chini na kikombe kidogo katikati. Kwenye kitabu cha oda pale penye jina la bidhaa palikuwa peupe. Pandu alikuwa ameshatengeneza tisini.

Walikaa kwenye benchi, askari amesimama hatua tatu kutoka kwao. Shaame alikuwa na mengi, alikuwa ameyapanga njiani yote, msamaha kwanza na mengine baadaye, na hakupata hata la kuanzia. Pandu akamuuliza habari za nyumbani. Akamwambia wazima. Pandu akasema Mize alimpelekea ujumbe kwamba binti yao mdogo haachi kuuliza baba amefungwa kwa kuuza nini, na Mize hajui amjibu nini, anaogopa mtoto atalisema shuleni. Kwa hiyo amemwambia akamuulize baba mkubwa, ndiye mtu wa maneno.

"Alikuja?" akauliza Pandu.

"Alikuja."

"Ukamwambia nini?"

Shaame alimtazama yule askari, halafu akatazama yale mabati tisini, yamepangwa safi, safu tisa.

"Nilimwambia asubiri toleo lijalo la kamusi."

Pandu alipangusa vumbi la bati kwenye vidole. Akauliza toleo hilo linatoka lini. Shaame akasema baada ya miaka kumi.

"Basi mimi nitatangulia kutoka," akasema Pandu, akachukua mkasi wake, akarudi kwenye la tisini na moja.